Ukurasa wa Saba

Kila siku nikitoka shuleni ratiba yangu ilikuwa ileile. Nilivua viatu mlangoni, nikabadili sare, nikala chakula nikiwa nimesimama. Mama yangu, fundi cherehani, aliniuliza bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa akishona, "Umetafuna au umemeza?"

"Nimetafuna, mama," nilijibu, ilhali nusu ya mwili wangu ilikuwa imeshatoka nje.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikujua kufanya jambo lolote taratibu. Nilifua kwa mbio, nikaandika kwa mbio, hata kulala nililala kwa kujitupa. Jengo zima liliniita Kimbunga. Wengine wangeona haya kuitwa hivyo. Mimi nilijiona bingwa.

Sisi tuliishi ghorofa ya tatu. Ghorofa ya chini aliishi bibi mmoja ambaye watu wote walimwita Mama Taipu. Kwa miaka thelathini alikuwa mpiga chapa ofisini. Macho yake yakaanza kufifia kidogokidogo, mpaka yakazimika kabisa. Siku alipostaafu wenzake walimpa kompyuta ileile aliyoizoea, pamoja na printa yake, naye akaviweka mezani karibu na dirisha la sebule. Watu walimletea barua na maombi ya kazi. Mtu alikaa kitini akasema maneno yake, na Mama Taipu akayaandika palepale, uso wake umemwelekea msemaji na vidole vyake vikikimbia bila kubabaika.

Shida yake ilikuwa moja tu: hakuweza kusoma alichoandika. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, haikujua kusoma kwa sauti. Ndipo alipomwomba mama yangu msomaji, na mama akaniambia nishuke kila jioni kwa saa moja, nikamsomee.

"Saa nzima!" nililalamika.

"Saa nzima," mama alisema. "Na ukae kwenye kiti kama watu."

Nilishuka shingo upande. Sikujua kwamba ningekuja kumshukuru mama kwa saa hiyo maisha yangu yote.

Mwanzoni nilisoma tu. Lakini siku ya tatu au ya nne nilishindwa kujizuia. "Bibi, unawezaje kuandika bila kuangalia?"

"Nikuulize na mimi," alisema Mama Taipu. "Kijiko unakipelekaje mdomoni bila kuangalia? Unatumia kioo?"

Nilicheka. Akasogea pembeni, akanipisha kwenye kiti chake. Alivishika vidole vyangu kimoja kimoja akavipanga katika safu ya katikati ya kibodi. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto akakiweka juu ya F, cha mkono wa kulia juu ya J.

"Hapa ndipo nyumbani," alisema. "Papase. Unasikia nini?"

Juu ya herufi hizo mbili palikuwa na vialama vidogo kama vipele, lakini vilikuwa vimelika kiasi kwamba ilibidi nipapase mara mbili ndipo nivisikie.

"Vimechakaa, Bibi."

"Vimechakaa kwa kazi, kama mimi. Kila kidole kina vitufe vyake, na kikishatoka kinarudi nyumbani. Hakizururi. Sasa funika mikono."

Alinipa kitambaa cha kufutia vyombo, nikakitandaza juu ya mikono yangu na kibodi. Niliandika mstari mmoja. Mara nikakwama, nikainua ncha ya kitambaa polepole, nikatupa jicho.

"Umechungulia," alisema Mama Taipu.

Nilishtuka nusura nianguke kitini. "Sikuchungulia!"

"Kimbunga, mimi macho yangu yamekufa, masikio yako hai. Vidole vilikuwa vinakwenda ta, ta, ta, ta, kisha vikanyamaza, kisha vikagonga moja kwa kishindo. Hicho ni kishindo cha mtu aliyeiona herufi. Rudia."

Basi tukaendelea hivyo wiki nyingi. Yeye alikaa pembeni yangu na kijiko, akakigonga mezani taratibu, nami nilitakiwa kupiga herufi moja kwa kila pigo la kijiko. Oo, jinsi nilivyokichukia kijiko kile! Nilitaka kukimbia, chenyewe kikanishika kama mtoto anayevukishwa barabara. Vidole vyangu vidogo vya mwisho vilikuwa vivivu kupita kiasi. Kila nilipotaka A, cha kushoto kililala na jirani yake akajitolea kumfanyia kazi. Mama Taipu alisikia hilo pia, sijui vipi.

"Nipe kasi, Bibi," nilimwomba siku moja.

"Kasi haigawiwi. Andika mistari kumi. Wenye kosa siuhesabu."

Niliandika mistari kumi kwa mbio zangu zote, nikajisifu kwamba nimemaliza kabla kijiko hakijachoka. Nikaisoma kwa sauti. Uliosalimika ulikuwa mmoja.

"Umeandika mstari mmoja," alisema. "Kobe angekupita na mizigo yake."

Tulicheka wote wawili. Lakini kuanzia siku hiyo nilianza kukisikiliza kijiko. Mwezi ukapita, kisha wa pili. Asubuhi moja shuleni, kwenye darasa la kompyuta, niligundua kwamba mwalimu amesimama nyuma yangu na wenzangu wamekusanyika. Nilikuwa nanakili kifungu cha kitabu, macho yangu kwenye kitabu tu, na maneno yakijipanga kwenye skrini bila kosa. Mwalimu alitazama saa yake. Maneno thelathini na manne kwa dakika!

Jioni hiyo nilishuka ngazi mbili mbili. Mama Taipu aliposikia habari, alinishika mashavu kwa mikono yake miwili, akayabana mpaka nikashindwa kusema.

"Sasa nina mwenzangu," alisema.

Muda si mrefu kazi kubwa ikaja. Katika kituo cha afya cha mtaa wetu kulikuwa na mkunga aliyekaribia kustaafu. Alikuwa amezalisha watoto wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Alitaka kuwaachia wakunga vijana kitabu cha mwongozo, chenye yote aliyojifunza. Hakuwa na muda wa kuandika, kwa hiyo alikuwa akisema maneno yake kwenye kinasa sauti kidogo, kila alipopata nafasi.

"Dada," alimwambia Mama Taipu, "nipigie kwanza kurasa kumi. Zikiwa safi, kitabu chote ni chako. Zikiwa na makosa, sitakuwa na la kufanya. Kitabu hiki kitashikwa na watu wenye roho za wenzao mikononi."

"Zitakuwa safi," alisema Mama Taipu. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. Baada ya mkunga kuondoka alinishika mkono. "Unajua ni miaka mingapi sijapewa kazi ya kitabu? Watu wananiletea barua, na barua ni kazi, nashukuru. Lakini wengine wananiletea kwa kunionea huruma. Huyu amekuja kwa sababu anahitaji mpiga chapa."

Siku mbili alivaa hedifoni akasikiliza na kuandika. Siku ya tatu, kurasa kumi zilikuwa mezani zikinisubiri. Mkunga alikuwa apitie kuzichukua jioni ileile, pamoja na kinasa sauti chake.

Nilianza kusoma vizuri. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Nilipata makosa mawili madogo, tukayarekebisha. Ndipo nje, chini ya dirisha, nikasikia kamba ikipiga sakafu na wenzangu wakihesabu. Walikuwa wamefika hamsini. Rekodi ya kuruka kamba ilikuwa yangu, sitini na moja, na huyo aliyekuwa akiruka alikuwa anaisogelea.

"Bibi," nilisema, "hizi zilizobaki nizisome kimoyomoyo? Ni upesi zaidi."

"Wewe ndiye mwenye macho. Ila usome zote."

Nikashika ukurasa wa tano, nikaugeuza. Nikaugeuza wa sita. Nikaugeuza wa saba, wa nane, wa tisa, wa kumi. Niliitikisa karatasi kila mara ili aisikie. Namwambia msomaji ukweli mchungu: macho yangu yalikuwa dirishani muda wote.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimesoma zote, Bibi. Ni safi kabisa."

"Ahsante, mwanangu. Nenda kacheze."

Nilikwenda, nikaruka kamba sabini na mbili. Walinishangilia, na nikafurahi.

Siku mbili baadaye niliposhuka, nilimkuta mkunga sebuleni. Alikuwa amesimama, mkoba begani, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye wodini. Niliwaamkia, "Shikamooni," wakaitika, "Marahaba," lakini hakuna aliyetabasamu.

"Kurasa tisa ni nzuri ajabu, dada," alikuwa akisema. "Lakini huu wa saba haukuandikwa kwa lugha yoyote. Na maneno yangu yenyewe nimeshayafuta, nimerekodi mengine juu yake. Nilijua zimesomwa." Akauweka ukurasa mezani. "Nitamtafuta mtu mwingine. Usinifikirie vibaya."

Alipotoka, niliuchukua ukurasa ule. Ulikuwa umejaa herufi zisizo na maana, nukta mkato, mabano na mikato, kuanzia juu hadi chini. Mtu angedhani kuku ametembea juu ya kibodi.

Mama Taipu akanyoosha mikono yake mbele yake, akaigeuzageuza kana kwamba angeweza kuiona.

"Imechoka," alisema. "Sikujua. Mtu kama mimi hawezi kujua mpaka aambiwe. Sijui ni barua ngapi nimewaharibia watu, nao wananionea haya."

"Hapana, Bibi..."

"Kimbunga, bora kuacha kabla hujafukuzwa." Akachomoa waya wa kibodi, akauzungushia vizuri, akaitia kibodi katika mfuko wa kitambaa. "Chukua wewe. Wewe mikono yako bado inasikia. Ukiitumia vizuri nitakuwa nimefanya kazi."

Niliupokea mfuko. Nilitoka, nikaanza kupanda ngazi. Nilifika ngazi ya saba au ya nane, mfuko ukinigonga gotini, na vitufe vikilia ndani yake kila nilipopiga hatua. Nikajua kwamba nikifika juu, nikifunga mlango wetu, bibi yule ataishi na uongo wangu siku zake zote akidhani ni uzee wake. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Hakuna ambaye angekuja kujua.

Nikageuka.

"Hodi, Bibi."

"Umesahau nini?"

"Sikusoma," nilisema, na machozi yakanitoka hapohapo. "Kuanzia wa tano sikusoma. Niligeuza karatasi tu ili usikie. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Mikono yako haijachoka, Bibi. Mimi ndiye mwongo."

Nilitegemea atanifokea. Afadhali angenifokea. Lakini alivuta pumzi, akasema polepole, "Nilisikia. Karatasi zilipita upesi mno. Nikayaambia masikio yangu, nyamazeni, huyo ni mtoto wangu, hawezi."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kiboko chochote. Nililia mpaka kwikwi. Aliniacha nilie, kisha akanitupia kitambaa kilekile cha kufutia vyombo.

"Futa uso. Sasa niambie ukurasa huo una nini. Usinifiche hata herufi moja."

Nikaanza kumsomea herufi zile za ajabu moja moja. Nilipofika mstari wa tatu niliona kitu. Kulikuwa na kikundi kinachojirudia mara nyingi: mkato, S, mkato, S.

"Tena mkato, S, mkato, S," nilisema. "Kipo karibu kila mstari, Bibi."

"Na mkunga anataja neno gani karibu kila mstari?"

Nilifikiri. "Mama."

Nilitoa kibodi mfukoni nikaitazama. Mkato uko jirani na M, upande wa kulia. S iko jirani na A, upande wa kulia.

"Bibi! Kila herufi imehamia kwa jirani yake! Hukukosea hata neno. Mikono yako ilikaa hatua moja kulia!"

Mama Taipu alijipiga paja. "Muuza mkaa! Nilipomaliza ukurasa wa sita alibisha hodi, nikaenda kumfungulia. Niliporudi nikavaa hedifoni, nikapapasa vipele, nikadhani nimevipata. Navyo vimelika! Nilianza safari kutoka nyumba ya jirani. Ukurasa ulipokwisha nikapumzisha mikono, na niliporudi nikavipata vipele bila kujua nilikuwa nimepotea." Alianza kucheka, mabega yakitikisika, na nikaona machozi kwenye macho yake pia. "Kwa hiyo ukurasa wote umo humo. Utoe."

"Nitautoaje?"

"Weka mikono nyumbani. Sasa isogeze hatua moja kushoto, yote miwili. Tazama karatasi tu. Nakili upuuzi huo kama ulivyo, vidole vyako vikiamini viko mahali pake. Usitazame kibodi hata kidogo, utachanganyikiwa."

Nilichomeka waya. Nikaketi kwenye kiti kama watu. Niliweka mikono, nikaisogeza, na Mama Taipu akachukua kijiko.

Ta. Ta. Ta. Ta.

Sijawahi kwenda taratibu kama siku ile, wala kwa kujali kama siku ile. Nilipiga mkato, skrini ikaandika M. Nilipiga S, ikaandika A. Herufi kubwa zilileta vurugu, nikaziacha nizipange baadaye. Nilipofika mwisho wa aya ya kwanza niliinua macho kwenye skrini, na maneno ya mkunga yalikuwa yamerudi.

"Soma," alisema Mama Taipu. "Kwa sauti."

Nikasoma: "Usiandike kwenye kadi kwamba umempima mama kama hukumpima. Yeye amelala kitandani, hawezi kuona unachoandika. Amekuamini. Ukimdanganya, hatajua, na aliye tumboni hatajua, mpaka siku ya kuumia."

Sauti yangu ilikatika katikati. Mama Taipu aliuweka mkono wake begani kwangu, akauacha hapo mpaka nilipomaliza ukurasa mzima. Kisha akaniambia nizisome kurasa zote kumi, tangu mwanzo, kwa sauti. Nikazisoma. Katika ukurasa wa tisa nilipata kosa moja ambalo hata mkunga hakuliona.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya pamoja, yeye ameshika kiwiko changu. Mimi ndiye niliyemweleza mkunga, kwa kinywa changu, jinsi ilivyokuwa. Sikuruka kitu. Mkunga aliusoma ukurasa wa saba akiwa amesimama, akarudia kuusoma akiwa ameketi.

"Ndiyo maneno yangu," alisema. "Ndiyo haya haya, nami nilikuwa nimeshayasahau." Akamtazama Mama Taipu. "Dada, nisamehe. Kitabu ni chako." Kisha akanigeukia. "Nawe, mimi ndiye niliyekupokea siku unazaliwa. Ulitoka kwa haraka vilevile, nusura nisikudake."

Alicheka, Mama Taipu akacheka, nami nikacheka huku nafuta kamasi.

Tukiwa njiani kurudi, Mama Taipu alipunguza mwendo.

"Nilifurahi sana uliponiambia maneno thelathini na manne kwa dakika," alisema. "Bado nafurahi. Lakini sikukuita kwangu kwa ajili ya vidole, nina vyangu. Nilikuita uwe macho yangu. Mtu akikuomba umwangalizie jambo, mwambie lililopo. Kama hujaangalia, sema hujaangalia, hakuna atakayekula nyama yako. Watu wengi watakuamini katika maisha yako bila njia ya kuhakikisha. Hao ndio usiwadanganye kabisa." Akakibana kiwiko changu. "Na ahsante kwa kushuka zile ngazi. Ulikuwa umeshafika mbali, nilikuwa nahesabu."

Mama yangu alipopata habari hizo, alizima cherehani. Kwa mara ya kwanza alinitazama nikila, mpaka nikamaliza kutafuna. Baadaye alichukua sindano na uzi mnene, akatia vifundo viwili vidogo, akavigandisha kwa gundi juu ya F na juu ya J. Mama Taipu alivipapasa kwa furaha kana kwamba amevalishwa pete.

Kitabu cha mkunga kilituchukua miezi mitano. Yeye aliandika, mimi nilisoma kwa sauti, kila neno, na siku nyingine tulibadilishana viti. Jioni ya mwisho zilikuwa zimebaki kurasa chache, na nje kamba ilikuwa ikipiga sakafu kama kawaida. Mama Taipu alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya, vidole vyake juu ya vifundo vya uzi.

"Hapa mwisho kabisa naweka majina," alisema. "Imeandikwa na Mama Taipu. Imesomwa yote na Kimbunga. Niandike?"

Nilitazama karatasi zilizokuwa magotini pangu.

"Bado, Bibi," nilisema. "Zimebaki mbili. Nisubiri."